Injini ya Betri na Kengele ya Wafula

Nawaonea wivu, vijana, na sitaki mtu aniambie kwamba mzee wa umri wangu haoni wivu. Naona. Nakaa kwenye benchi nje ya duka la mwanangu hapa Voi, nanyi mnapita na pikipiki zenu za umeme bila moshi, bila kelele, shati jeupe asubuhi na bado jeupe jioni. Mkisimama kununua maji, mazungumzo ni yale yale: chaji moja inafika wapi, ikiisha njiani mtu atafanya nini, na mtu wa mshahara wa kawaida ataimudu lini. Mnaongea kana kwamba maswali hayo yamezaliwa pamoja nanyi. Mimi nilikuwa nayo miaka ya hamsini, nikiwa dereva kijana kwenye shamba la mkonge, na yalinitoa kwenye kiti changu. Kaeni basi. Chaji inaingia, hamna haraka.

Kabla sijafika huko, niwape la bure. Miaka ya baadaye niliendesha lori kati ya Voi na Taveta, na petroli nayo ilikuwa na kikomo chake. Tulipima tangi kwa kijiti: unakichovya, unakitoa, unatazama kilipolowa. Siku moja nilipima nikiwa nimeegesha kwenye mteremko pale Mwatate. Kijiti kikaniambia nina mafuta ya kutosha, nami nikakiamini kama mtu anavyomwamini mchumba. Lori likazimika mbele ya Maktau, nikakaa juani na magunia ya vitunguu ya watu, nikitazama twiga wakinitazama. Tangu hapo sikupima tena tangi likiwa limeinama. Pikipiki zenu nazo zina kijiti chao, hizo namba kwenye kioo. Namba uliyoiona kwenye tambarare ya Voi siyo namba utakayokuwa nayo ukipanda Wundanyi na abiria mnene nyuma. Sasa turudi mkongeni.

Shamba letu lilikuwa nje ya Voi, upande wa kwenda Maungu. Majani ya mkonge yalikatwa bloku kwa bloku, yakafungwa matita, yakapakiwa kwenye toroli zilizopita juu ya reli ndogo. Injini ndogo ilizivuta hadi kiwandani, kwenye korona. Korona ndiyo mashine ya kuyamenya majani zibaki nyuzi. Tuliiita hivyo miaka mingi kabla ya ugonjwa kulichukua jina. Dereva wa injini ile nilikuwa mimi, Mwadime, mtoto wa Mghange niliyeshuka milimani kutafuta mshahara.

Ilikunywa mafuta ya taa. Asubuhi uliiamsha kwa petroli kidogo huku ukizungusha hendeli, na hendeli ikikasirika ilirudi nyuma na kukuvunja kifundo. Ilinivunja mara moja, nikajifunza kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, nisiikumbatie. Ilikohoa, ilitema masizi, ilininukisha mafuta hata nikienda kuposa. Lakini ilikuwa na kiti. Kabla ya kiti hicho nilikuwa mkata mkonge, na asiyekata mkonge hajui: miiba ya ncha inayotafuta jicho, utomvu unaowasha hadi kwenye makwapa, tita begani na jua la Voi utosini. Nilipopandishwa kuwa dereva nilimwambia mama yangu kwamba sitashika tena kisu cha mkonge maisha yangu yote.

Ndipo meneja akaleta injini ya betri.

Ilishushwa kutoka kwenye treni ya mizigo, ya kijani, inang'aa, na sanduku la betri mgongoni. Bei hatukuambiwa. Karani alisema betri peke yake zingenunua ng'ombe wa ukoo mzima, nasi tukaamini, maana meneja aliizunguka kama bwana harusi. Mimi nilikwisha nawa mikono niishike. Nilijua ni yangu. Dereva pale alikuwa nani mwingine? Meneja akamwita Wafula.

Wafula alikuwa ametoka magharibi, huko kwao Bungoma, akafika kwetu akifuata kazi ya reli na kuishia kwenye mkonge. Alikuwa akimsaidia fundi wa umeme kiwandani, kwa hiyo alijua kufunga nyaya na kusafisha vichwa vya betri. Kuendesha hakujua. Alikaa kwenye kile kiti akasukuma mkono wa nguvu, kile chuma cha kuongeza mwendo, ikaondoka bila sauti yoyote, na watu wote wakasema "aaah" kana kwamba wamemwona malaika. Moyo wangu ulichoma. Sisemi kwa mafumbo, ulichoma kweli, hapa chini ya titi.

Siku hiyo hiyo meneja alitukusanya. Kwa Kiswahili chake cha kizungu akatueleza kwamba shamba haliwezi kulisha injini mbili. Ile mpya ikiweza kuleta mzigo kutoka bloku ya mwisho bila kuvutwa, ile ya mafuta itauzwa.

"Na dereva wake, bwana?" nikauliza.

"Dereva?" akasema. "Kisu iko mingi."

Basi sasa mnajua nilichokuwa nakiombea. Kila Jumapili nilipiga magoti kanisani na kuomba betri ya Wafula ife.

Naye aliniumiza bila hata kujaribu. Alifanya kazi na shati jeupe. Wasichana wa kuanika nyuzi walimwita Dereva Asiyenuka, na mimi hawakuniita chochote, walisogea tu. Kanisani alikuwa na sauti nzito ya kuimba, akawekwa mbele. Nilipokaa mimi, benchi lilipata nafasi lenyewe. Injini yake ilikuwa kimya mno hata wakataji walikuwa wanashtuka iko mgongoni kwao, na siku moja ndovu aliyelala kando ya reli naye alishtuka, nusura Wafula aruke. Ikabidi wamfungie kengele ya shaba. Mimi kwa miaka yote niliomba nipewe hata turubai la kunikinga jua, sikupewa. Yeye akapewa kengele.

Lakini hebu niwaambie kuhusu kuchaji, mcheke. Umeme wa kiwanda ulitoka kwa dainamo, na dainamo ilizungushwa na ile ile injini kubwa iliyozungusha korona. Korona haizunguki bila majani. Majani hayaji bila toroli. Sasa injini ya betri ikiwa imesimama inachaji, haileti majani; isipoleta majani, korona inazimwa; korona ikizimwa, chaji inakatika. Meneja alikuwa amenunua ng'ombe anayetoa maziwa akiwa malishoni tu, na malishoni haendi mpaka akamuliwe. Mnajua nani aliitwa kulitatua? Mimi. Wafula alikaa kivulini akila muhogo, injini yake imefungwa kwenye waya, nami na kikohozi changu cha mafuta ya taa tunakimbia kuleta majani ili korona izunguke, ili dainamo izunguke, ili Wafula apate chaji ya kuja kunitoa kazini. Nililisha aliyekuja kunila.

Nilimlalamikia fundi wa umeme, Mzee Hemed, mtu wa Mombasa Mji wa Kale, mpole, kofia safi daima. Alikuwa akiongeza maji kwenye betri, maji ya mvua aliyoyakinga mwenyewe kwenye bomba la paa, kwa sababu maji ya kisima cha pale yalikuwa na chumvi na yangeziua.

"Mwanangu," akaniambia, "betri ni kama tumbo. Usilishindilie, usiliache likauke, na ukilifanyisha kazi mpaka likaisha kabisa, siku ya pili halitashiba tena. Basi. Hayo mengine ni ya moyo wako, na moyo wako mimi sina waya wa kuufikia."

Haya, ikaanza safari ya bloku ya mwisho. Ile bloku ilikuwa mbali, reli inapanda na kushuka, na ukifika unauona mlima Kasigau umekaa peke yake upande wa kusini. Wafula alikwenda, akapakia, akageuka, na katikati ya njia betri ikaisha. Nikatumwa kumvuta. Wiki iliyofuata ikaisha tena, karibu na pale pale. Nikatumwa tena. Nilimkuta amekaa juu ya reli, shati limelowa jasho mara ya kwanza tangu nimjue.

"Imekufa tena, bwana," akasema. "Hii kitu sijui nimeikosea nini."

"Pole," nikasema, na furaha ikanijaa mpaka kwenye meno.

Aliyeyaona meno hayo ni nyapara wetu, Mzee Mwakio, Mtaita mwenzangu kutoka milima ile ile, aliyekuwa ameketi juu ya matita. Baada ya betri kuisha mara ya tatu alinijia nyumbani.

"Wewe moyo wako umeikalia hiyo injini," akasema. "Watu wameona. Wanasema leo ni betri, kesho ni mtoto wa mtu. Utatasa."

Nyinyi wa siku hizi huenda kutasa mnakusikia tu kwa bibi zenu. Kwetu, kinyongo cha mtu hakibaki moyoni mwake; kinatoka kikatembea, kinamwangukia mwingine, hata mwenye nacho akiwa na haki. Dawa yake ni mwenyewe kupiga funda la pombe ya miwa, au maji, na kulipuliza nje kama manyunyu, na kila akipuliza anasema kwa sauti: kama ni mimi, kitoke, awe mzima. Mwalimu wa kanisa alikuwa hapendi kabisa mambo hayo. Nami sikupenda kwa sababu nyingine. Nikitasa kwa kweli, ile betri itapona, na mimi nitarudi kwenye kisu. Nikikataa, wenzangu wa nyumbani hawatakula nami sahani moja. Nililala njaa kwa mawazo.

Jumapili baada ya ibada tukakusanyika kwenye banda la injini. Mzee Mwakio alinipa maji kwenye kibuyu, tukubaliane nusu njia na kanisa. Mzee Hemed alisimama mbele ya sanduku la betri amekumbatia mifuniko, akisema tasa utakavyo lakini tone la mate halitaingia humu. Wafula, ambaye si wa kwetu, alivua kofia kwa heshima asijue atazame wapi.

Nikapiga funda, nikapuliza. "Kama ni wivu wangu," nikasema, "utoke."

Nikapuliza tena. "Injini hii iwe nzima. Wafula awe mzima."

"Useme unachokificha," akasema Mzee Mwakio. "Huo umeurudisha tumboni."

Nikapiga funda la tatu, na badala ya maneno ya wazee nikasikia kinywa changu kinapiga kelele: "Anaiendesha vibaya! Anaiendesha kama mtu anayefukuza mbuzi! Anaivuta kwa nguvu mlimani, anaivuta kwa nguvu mteremkoni, toroli zinashtuka, grisi hakuna, halafu mnasema ni moyo wangu! Ingekuwa yangu ingefika!"

Maji yote yalimwagikia kifua changu. Watu wakaanza kucheka, na Mzee Mwakio mwenyewe akacheka hadi akashika nguzo.

"Sasa umetasa," akasema.

Wafula akavaa kofia yake. "Basi kesho uendeshe wewe, bwana," akasema. "Mimi nataka tu kuona."

Vijana, hapa ndipo mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Jumatatu nilifika mapema nikapaka grisi ekseli za magurudumu ya toroli, moja moja, kwa kidole. Nikaondoka polepole, nikaacha minyororo ya toroli ikazike mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mzigo ukiuamsha wote kwa mshtuko unakula chaji nyingi kuliko safari. Kwenye mpando nilishika mwendo mmoja, sikuongeza, sikusimama. Nikikaribia kileleni nikaurudisha mkono wa nguvu, nikaacha mzigo wenyewe utusukume chini, mkono wangu kwenye breki tu. Bloku ya mwisho, wakati wanapakia, niliizima swichi nikaiacha betri ipumzike. Betri iliyochoka ikipumzika hurudisha pumzi kidogo, hilo nililiokota kwa Mzee Hemed. Na njia nzima ya kurudi nikapiga kengele. Niliipiga kwenye kona, niliipiga mahali pasipo na mtu. Wasichana wa nyuzi wakasimama. Shati langu lilikuwa jeupe, nilikuwa nimeliazima.

Niliingia kiwandani na mzigo wote, na chaji ikabaki. Meneja alikuwa amesimama kwenye mizani. Aliitazama injini, akanitazama mimi, akatabasamu, akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea pale.

"Kumbe inaweza," akasema.

Nilikuwa bado natabasamu niliposikia maneno hayo yakishuka. Inaweza. Nikamtafuta Mzee Hemed kwa macho, nikamkuta amejifunika uso kwa kofia.

Nikasema haraka, "Bwana, basi nipe mimi niiendeshe." Meneja akatikisa kichwa. Wafula anajua betri, akasema, anajua waya, anajua maji. Kuendesha ni jambo dogo. "Wewe fundisha yeye wiki hii." Na ile ya mafuta ya taa akamwuzia mtu wa machimbo ya mawe kabla mwezi haujaisha.

Mzee Hemed alinikalisha siku hiyo akanimiminia chai. "Mwanangu," akasema, "sijapata kumwona mtu akishindana kwa bidii namna ile ili ajifukuze mwenyewe."

Wiki ile nilimfundisha Wafula kila kitu. Mungu ananiona, sikumficha hata kimoja. Mtu mwenye wivu akianza kuonyesha anachokijua hawezi kujizuia. Kisha nikachukua kisu.

Nilikata mkonge katika bloku ya mwisho msimu mzima, mpaka nilipopata kazi ya utanboi, ya kupakia na kushusha mizigo kwenye lori, na kuanza upya. Kila siku injini ya kijani ilipita. Ilipofika pale kileleni karibu na mstari wangu nilinyanyua macho kuutazama ule mkono wa nguvu, nikitamani aukosee. Hakuukosea. Aliurudisha pale pale nilipomwonyesha, kimya kikatawala, na zile toroli zikateremka zenyewe kama maji. Halafu Wafula alipiga kengele mara mbili. Hakukuwa na mtu kwenye reli wala ndovu. Nilijua ni salamu. Nami nilijua kisu kingeweza kugongwa mara mbili kwenye jiwe, au mkono kunyanyuliwa. Niliinama nikaendelea kukata. Sikumwitikia hata siku moja, na baadaye nikasikia amerudi kwao, na tangu hapo sikusikia tena.

Sasa juzi mjukuu wangu Wakesho, anayefundisha shule kule Mghange, alishuka hapa na pikipiki yake ya umeme. Ameinunua kwa kulipa kidogo kidogo, na betri si yake, anaikodi, ikichoka anaibadilisha. Angalieni hilo. Meneja wangu na ng'ombe wake wa ukoo mzima angelia.

"Umetoka Mghange na chaji moja?" nikamwuliza.

"Na imebaki, babu. Ni mteremko mwingi."

Nikajiweka sawa kwenye benchi. Nilikuwa na kitu cha kumfundisha. "Sasa sikiliza. Pale juu, unapoanza kushuka, nguvu—"

"Unaachia," akasema, akivua helmeti. "Si kila mtu anajua, babu? Na hii ukiachia inajichaji yenyewe kidogo."

Inajichaji yenyewe! Ikishuka! Nimekwambieni wivu wangu wa kwanza una jina. Huu wa mwisho hauna hata jina, ni wenu wote.

Akasema, "Panda nyuma nikuzungushe mjini."

"Nyuma?" nikasema. "Mimi ni dereva."

Akacheka, akaizima, akaisimamisha kwenye stendi, akanishika kiwiko nikakaa mbele. Nilishika usukani. Mbele yangu barabara ya Mombasa ilikuwa imejaa malori. Kidole gumba changu, kile kile kilichonusurika na hendeli, kikakuta honi. Nikaibonyeza mara mbili.

"Unamwita nani, babu?"

"Simwiti mtu," nikasema. "Namwitikia mmoja. Na usidhani nimemsamehe."